Bibi kaniachia daftari la dawa, nianzie wapi kusoma mitishamba?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, fundi cherehani, niko Morogoro. Bibi mzaa mama alikuwa anatibu watu kwa mitishamba huko mlimani, kafariki mwaka jana, akaniachia daftari lina kama dawa 60, mengi majina ya Kiluguru. Nataka nijifunze hii kazi vizuri, sitaki kubahatisha. Shida mtandaoni kila mtu anasema lake, mmea mmoja huyu anasema wa presha, yule anasema wa figo. Niko kwenye magrupu sita ya WhatsApp na kuna mmoja anauza kozi ya wiki mbili na cheti kwa laki mbili. Nianzie wapi, na taarifa ya kuaminika nitaijuaje?

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana na bibi. Swali lako nimelisoma mara mbili maana wengi wanaoniandikia wananiuliza "dawa ya kitu fulani ni ipi", we umeuliza unajifunzaje, hilo ni swali la mtu anayeweza kufika mahali. Ntajibu kwa kirefu, chukua chai.

Kwanza toka kwenye magrupu matano kati ya hayo sita, baki na moja la kucheka nalo. Siongei kwa dharau, mimi mwenyewe nimo kwenye mawili, ila mule ndani habari inazunguka bila mwenyewe, mtu kafowadi, naye kafowadiwa, ukiuliza "hii umeitoa wapi" unaambiwa we una roho mbaya. Huwezi kujengea msingi hapo.

Sasa nikupe kisa changu, maana ndo jibu lenyewe lilipo. Nilipoanza kazi nilikuwa kijana nimetoka chuo, nimesoma mimea kwa vitabu najiona najua. Nikapelekwa kwa mzee mmoja mganga nijifunze kwake, siku ya kwanza akaniambia kalete majani ya mwarobaini. Mwarobaini si kila mtu anaujua? Nikaenda kwenye uzio wa ofisi moja jirani nikavunja matawi, nikarudi nimebeba furushi. Mzee hakusema kitu. Akachukua tawi moja akalilaza gotini, akachukua kikonyo kimoja cha jani akakifuata kwa ukucha kuanzia chini, akaniuliza, hiki kikonyo kimegawanyika mara ngapi? Nikatazama. Kilikuwa kinatoka kikonyo kikubwa, alafu pembeni vikonyo vidogo, alafu kwenye vile vidogo ndo vijani. Mara mbili. Akaniambia mwarobaini unagawanyika mara moja tu, kikonyo kimoja, vijani pande mbili vimepinda kama mundu vina meno ukingoni, basi. Huo ulioleta ni ndugu yake, wanaupanda kwa kivuli na uzuri wa maua, na matunda yake yakiliwa na mtoto unazika.

Ule mti ni melia, kitaalamu Melia azedarach. Mwarobaini wenyewe ni Azadirachta indica. Ni familia moja, na watu wengi mtaani wanaiita yote mwarobaini bila wasiwasi. Ukijua unaitofautisha hata ukiwa kwenye daladala: maua ya mwarobaini ni meupe, ya melia ni zambarau hafifu, na melia ikipukutisha majani inabaki na vishada vya vitunda vya njano vya duara vinaning'inia. Lakini kabla hujajua, unaona mwarobaini tu. Na mimi nilikuwa na digrii.

Kwahiyo jibu langu fupi ni hili: anza na mmea, dawa itafuata. Sehemu kubwa ya uongo unaoona mtandaoni huwezi kuukamata kwa kujua magonjwa, unaukamata kwa kuuliza "mmea upi hasa?" Mtu akishindwa kujibu hapo, mengine yote aliyosema hayana pa kushika.

Usidhani ni mambo ya kwetu tu. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kulikuwa na wanawake Brussels wanapewa vidonge vya kupunguza uzito vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea uliotakiwa unaitwa fang ji, Stephania tetrandra. Ulioingia kwenye mchanganyiko ni guang fang ji, Aristolochia fangchi. Majina yanafanana, mizizi ikishakatwa na kukaushwa inafanana pia. Zaidi ya watu 100 waliharibika figo, wengi wakaishia kusafishwa damu au kupandikizwa figo nyingine, na baadhi baadae wakapata saratani ya njia ya mkojo. Hiyo ni Ulaya, na kosa lilikuwa jina. Sasa fikiria mtu anakuandikia "chukua mzizi wa mti fulani" kwa jina la kijiji chake, na we kijijini kwenu hilo jina ni la mti mwingine kabisa.

Ndo maana jina la kitaalamu, lile la maneno mawili ya Kilatini, ulizoee hata kama linakutoa jasho. Halina uzungu wowote, ni namba ya simu ya mmea. Mtu wa Tanga, wa Kisumu na wa Bujumbura wakisema Ocimum gratissimum wanaongelea kitu kimoja, wakisema kivumbasi hapo wataanza ubishi. Ila jua kwamba hata hayo majina huwa yanabadilishwa, kwa mfano migunga yetu yote iliitwa Acacia miaka na miaka, tangu 2005 wataalamu wakaamua jina hilo libaki kwa ile ya Australia, ya kwetu ikagawanywa ikawa Vachellia na Senegalia. Kwahiyo kiloriti ile wanayouza Wamasai ya kuchemshia supu, kwenye maandishi ya zamani utaikuta Acacia nilotica, kwenye mapya Vachellia nilotica, mmea ni uleule. Kuna tovuti ya bure ya bustani ya mimea ya Kew ya Uingereza, inaitwa Plants of the World Online, unaandika jina la zamani inakuletea la sasa na inakuonyesha mmea huo asili yake nchi gani. Kwa simu yako tu inafunguka.

Ukishajua mmea, swali linalofuata ni sehemu ipi. Hapa watu wanachanganya sana, wanasema "mshubiri ni dawa" kama vile mshubiri ni kitu kimoja. Kata jani la mshubiri lisimamishe kwenye kikombe dakika tano, utaona maji ya njano yanachuruzika chini ya ganda, machungu mpaka unakunja uso. Hayo ni ya kuharisha, tena kuharisha kwa nguvu, mjamzito asiyaguse. Ule ute mweupe wa katikati ni kitu kingine kabisa, ndo unaopakwa kwenye ngozi. Jani moja, vitu viwili tofauti. Mtu anayekwambia "saga jani zima unywe kila asubuhi" huyo hajawahi kukaa na jani mkononi.

Na hapa kuna hadithi naipenda, sijui kama umewahi kuisikia, maana imetokea kwetu. Mahale, kule kusini mwa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1987, mtafiti anaitwa Michael Huffman alikuwa anafuatilia sokwe pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe ambaye alikuwa askari wanyamapori na pia mjuzi wa dawa za kwao. Kulikuwa na sokwe jike, Chausiku, anaumwa, amelegea, hana hamu ya kula. Akaenda kwenye kichaka cha Vernonia amygdalina, ule mti mchungu sana ambao sehemu nyingi unaitwa mtukutu, akavunja chipukizi, akatupa majani, akamenya ganda lote la nje, akabaki na kile kiini laini cha ndani ya shina, akawa anatafuna ananyonya maji yake anatema makapi. Mzee Seifu akamwambia Huffman hiyo ni dawa kali, na kwao Watongwe wanaitumia kwa matatizo ya tumbo. Kesho yake mchana Chausiku alikuwa amepata nafuu. Baadae maabara wakapima, wakakuta majani na magome yana sumu nyingi zaidi kuliko kile kiini. Yaani sokwe aliacha sehemu yenye hatari akala yenye kiasi. Bila Mzee Seifu kusema neno, yule mtafiti angeona tu mnyama anakula mti. Jina la mzee liko kwenye ripoti ya utafiti huo ya 1989, na nakuambia hivi kwa sababu utakutana na watu wawili wa kukuchosha, mmoja anasema wazee hawajui kitu, mwingine anasema sayansi ni ya wazungu haituhusu.

Swali la tatu: imeandaliwaje, na kiasi gani. Umewahi kusikia artemisinin, ndo inayotengenezea dawa mseto ya malaria tunayopewa hospitali. Imetoka kwenye mmea, Artemisia annua, ndugu wa pakanga yetu. Mama mmoja wa China, Tu Youyou, na timu yake walihangaika na mmea huo, wanauchemsha wanapata matokeo leo yapo kesho hayapo. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu wa kale, Ge Hong, wa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akakuta pameandikwa loweka konzi moja kwenye maji, kamua, kunywa hayo maji. Loweka, kamua. Hakuna kuchemsha popote. Akashtuka kwamba kumbe moto ndo unaua dawa, akatumia njia ya kutoa dawa bila joto kali, mwaka 1971 ikafanya kazi kwa wanyama, na 2015 akapewa Nobel. Jambo zima liliamuliwa na kitenzi kimoja kwenye maandishi ya kale. Sasa rudi kwenye daftari la bibi uangalie, kama kaandika "loweka" usije ukasoma "chemsha" kwa sababu jikoni kwako kuna gesi.

Na hapohapo niseme ili usije ukanielewa vibaya: chai ya majani ya artemisia haitoshi kutibu malaria. Kiasi cha dawa kwenye majani kinabadilika shamba na shamba, kikombe na kikombe, na dozi ndogo ndogo zinawafundisha wadudu kuizoea. Shirika la Afya Duniani hawaungi mkono kutumia majani yake kutibu wala kuzuia malaria. Mtoto ana homa, pima, mpe dawa mseto. Hilo sina mjadala nalo.

Sasa kuhusu taarifa za kuaminika, kipimo chenyewe kimefika hapo: mmea upi, sehemu ipi, umeandaliwaje na kiasi gani, na kapewa nani. Chukua poste yoyote uipitishe hapo. Nyingi zinakufa swali la kwanza. Zinazobaki ndo unaanza kuangalia ushahidi wake, na huko nako kuna mitego, ngoja nikuonyeshe mmoja kwa mfano wa mlonge.

Umeona zile picha, "mlonge una vitamini C mara saba ya machungwa, kalsiamu mara kumi na saba ya maziwa". Hazijatoka hewani, kuna jedwali kweli. Ila kaa ulisome. Vitamini C ile ni ya majani mabichi, zaidi ya miligramu 200 kwenye gramu 100. Jedwali hilohilo ukishuka kwenye unga wa majani makavu, vitamini C inabaki chini ya miligramu 20, imeondoka na kukaushwa. Kalsiamu ndo inapanda kwenye unga kwa sababu maji yameondoka, kwahiyo muuzaji anachukua namba ya C kutoka mstari wa mabichi na ya kalsiamu kutoka mstari wa makavu, anakuuzia kopo la unga. Alafu nani anakula gramu 100 za unga wa mlonge? Kijiko cha chakula hakifiki hata gramu 10. Mlonge ni mboga nzuri sana, mimi nakula, wa kwangu uko nyuma ya jiko, ila nakula kama mchicha.

Mtego mwingine ni neno "utafiti umethibitisha". Uliza utafiti wa kwenye nini. Kuna wa kwenye glasi maabara, hapo unamwagia dawa kwenye seli unaona zimekufa, sasa hata ukimwagia Jik zitakufa, haimaanishi mgonjwa wa kansa anywe Jik. Kuna wa panya, unasaidia kuonyesha njia na sumu. Alafu kuna wa watu, wamegawanywa makundi, hawa wamepewa dawa hawa wamepewa kitu kisicho dawa, wakalinganishwa. Mimea yenye tafiti nzuri za watu ni michache kuliko unavyodhani. Tangawizi kwa kichefuchefu, hata cha ujauzito, ipo vizuri, karibu gramu moja kwa siku ndo dozi iliyotumika sana. Mingine mingi ya kwetu bado iko kwenye panya. Haimaanishi haifanyi kazi, inamaanisha usiape. Kizuri ni kwamba PubMed, maktaba ya mtandaoni ya tafiti za tiba, ni bure, unaandika jina la Kilatini unasoma muhtasari, kama Kingereza kinakusumbua tumia tafsiri ya simu, utaelewa angalau kama ni panya au ni mtu.

Vitabu. Kwa Afrika Mashariki cha Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kimetoka mara ya kwanza 1976, kimeorodhesha mimea tiba ya ukanda huu kwa majina ya Kilatini na ya makabila, kipo maktaba za vyuo. Kina udhaifu wa vitabu vyote vya aina hiyo, kinakwambia watu wanautumia kwa nini, hakikwambii kama umethibitika. Isome hivyo. Shirika la Afya Duniani nao wana mfululizo wa vitabu vya mimea tiba, cha kwanza kilitoka 1999, mtandaoni bure, hicho kinapanga kabisa: matumizi yaliyothibitishwa kwa watu, yaliyoandikwa kwenye vitabu vya dawa, na yale ya kimila ambayo hayajathibitishwa. Mgawanyo huo mimi naupenda kuliko kitu chochote, na we ukianza kuandika daftari lako uige.

App za kutambua mimea kwa picha, nazitumia, ila kama mtu anayekuelekeza njia kituo cha basi, anakupa mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe. Zinakosea sana kwenye mimea yetu hasa ukipiga picha jani peke yake. Piga ua, tunda, mpangilio wa majani kwenye tawi, na gome.

Alafu una bahati ya kukaa Morogoro binti yangu, sijui kama unaijua. Hapo una SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, una makao makuu ya TAFORI watafiti wa misitu, una wale watu wa mbegu za miti ambao wanauza mbegu zenye jina sahihi. Watu wa fani hiyo wakikuona umekuja na tawi lenye ua limekaushwa vizuri na karatasi ya maelezo wanakuheshimu. Ukienda mikono mitupu ukasema "naomba mnifundishe dawa" watakwambia njoo wiki ijayo. Dar kuna Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, wapo kwenye kazi hii tangu 1974. Arusha kuna hebaria ya taifa, Nairobi kuna Hebaria ya Afrika Mashariki, ambayo kwa taarifa yako mizizi yake ilianzia Amani kule Muheza mwaka 1902 kabla haijahamishiwa Kenya. Hebaria ni nyumba ya mimea iliyokaushwa, kila mmoja umebandikwa kwenye karatasi na jina lake, mahali ulipochumwa na tarehe. Ukitaka ukweli wa mwisho wa jina la mmea ni pale.

Kukausha sampuli hakuna gharama. Chukua tawi lenye majani na ua au tunda, lisizidi urefu wa gazeti, lilaze ndani ya gazeti la zamani, geuza jani moja lionyeshe mgongo, weka magazeti mengine juu, bana kwa mbao mbili na mawe. Badilisha magazeti kila siku wiki ya kwanza, maana ukisahau siku mbili tu kipindi cha masika unakuta ukungu. Pembeni andika: tarehe, mahali, mti urefu gani, ua rangi gani likiwa bichi (likikauka linabadilika), jina la Kiluguru, nani kakwambia jina hilo. Ukifanya hivyo kwa dawa 60 za bibi, hata miaka miwili ikiisha, utakuwa umefanya kitu ambacho hakuna kozi ya wiki mbili inaweza kukupa.

Ila usianze na zote 60. Anza na kumi unazoziona kila siku: mchaichai, tangawizi, manjano, kivumbasi, mnanaa, mpera, mlonge, mshubiri, mwarobaini, pakanga. Zipande, hata kwenye ndoo nje ya kibanda chako cha ushonaji. Mmea ulioupanda unaujua ukiwa mchanga, ukiwa na ua, ukiwa na ugonjwa, hakuna mtu atakuuzia mwingine akudanganye. Harufu yake ikae puani. Kila mmoja mpe kurasa tatu nne za daftari, na ukurasa mmoja uwe wa "hatari", nani asitumie, hauendani na dawa gani.

Huo ukurasa wa hatari ndo wengi wanauacha wazi, na ndo unaoua watu. Kwa mfano mgonjwa wa kisukari anameza vidonge vyake, we unamwongezea kitu kinachoshusha sukari, vinaungana, anaanguka njiani. Anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, usimjazie vitunguu saumu na tangawizi za dozi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vidonge vya kitunguu saumu vilionekana kushusha sana kiwango cha saquinavir, dawa mojawapo ya HIV ya wakati huo, kitunguu saumu tu hiki cha pilau. Kwahiyo kabla ya kumpa mtu chochote swali lako la kwanza liwe "unatumia dawa gani ya hospitali", na usimwambie mtu aache dawa zake kamwe. Tulishaona Loliondo 2011, kikombe cha dawa cha Babu Ambilikile pale Samunge kilichodaiwa kutibu magonjwa sugu, shilingi 500, mmea wenyewe ni mugariga, yaani mtandamboo, wapo waliorudi wakaacha ARV. Sitaki kuendelea hapo.

Kununua: nunua kitu kizima. Gome zima, mzizi mzima, jani zima lililokauka, ukasage mwenyewe. Unga ni unga, huwezi kujua ndani kuna nini, na hizi za "nguvu za kiume" na za maumivu ya viungo zimeshakamatwa nchi nyingi zimechanganywa na dawa za viwandani, sildenafil kwenye za nguvu, steroidi kwenye za viungo, ndo maana "zinafanya kazi haraka". Dawa ya mti ikifanya kazi dakika arobaini kama kidonge, shtuka. Kwa wale kina mama wa Kimasai na wauzaji wa Kariakoo, nenda asubuhi biashara ikiwa haijachanganya, usiulize "hii inatibu nini" maana atakujibu inatibu kile unachoumwa, uliza "mti huu unaota wapi, una maua gani". Anayejua atakueleza mpaka uchoke. Nusa, vunja, tazama kama kuna ukungu, ukiona vumbi la kijani au jeusi acha.

Na ukienda kuchuma mwenyewe, kule juu Uluguru ni hifadhi, usiingie na panga bila kibali. Gome usilizungushe mti mzima, chukua kipande upande mmoja, ukilizungusha chakula hakipiti, mti unakufa wima. Msokonoi umeisha sehemu nyingi kwa sababu hiyo, na Prunus africana ya dawa ya tezi dume biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu 1995. Mara nyingi majani yanaweza kuwa na kitu kilekile, ndo tafiti za kusoma hizo.

Wazee, usiwaache. Ila ukienda nenda na sukari na sabuni, kaa, msaidie kutwanga, usitoe simu siku ya kwanza. Muulize dawa moja kwa siku moja. Na rudia swali lilelile baada ya miezi, kwa mzee mwingine wa kijiji kingine asiyemjua wa kwanza, wakikubaliana mmea, sehemu na maandalizi, weka nyota. Mambo mengine hawatakwambia, ni ya ukoo, usilazimishe.

Kuhusu kutibu watu, subiri. Kujifunza, kupanda, kunywa chai yako, hakuna anayekuuliza, lakini ukianza kupokea wagonjwa na kuuza kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na Baraza lake, unatakiwa usajiliwe, na dawa unayouza nayo isajiliwe. Mlango wa kuanzia ni halmashauri, ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, ulizia mratibu wa tiba asili. Huyo pia anajua waganga wa eneo lenu waliosajiliwa, unaweza kumwomba akuelekeze kwa mmoja ukajifunze.

Ile kozi ya laki mbili basi. Muulize mwenyewe maswali mawili tu: cheti chako kinatambuliwa na nani, na katika wiki mbili tutashika mimea mingapi kwa mikono. Akijibu kwa hasira umepata jibu. Kwa laki mbili hiyo unapata nauli ya Muhimbili kwenda na kurudi, fotokopi za vitabu, miche, na chenji inabaki.

Na lile daftari la bibi, lipige picha leo jioni kurasa zote, hata zile zenye madoa na hesabu za mikopo, zitume kwa ndugu yako mwingine aziweke. Alafu usiandike ndani yake hata kwa penseli. Chukua dawa moja aliyoiandika ambayo mti wake ulikuwa unamwona anauchuma, uende na mama yako mpaka kwenye mti wenyewe, usubiri mpaka mti utoe maua ndo unitumie picha.